Uzi: Kiti cha kukunja cha kuchumia karafuu, je, kinaweza kupata hataza ilhali wawindaji wa Marekani wana chao?

Mkulima wa Mtambwe

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Naomba rai za wenye elimu ya sheria na wenye elimu ya ufundi. Mimi ni mkulima wa karafuu huku Mtambwe, Wete, na kwa muda sasa nimekuwa nikitengeneza kiti cha chuma chepesi kinachokunjika, ambacho mchumaji hukibeba mgongoni, akakwea nacho, kisha akakifunga kwenye shina la mkarafuu na kupata pahala pa kukaa na pa kukanyaga. Kila aliyekulia Pemba anajua kwa nini nimejishughulisha na jambo hili. Tawi la mkarafuu halipindi likakuonya, linakatika tu, na karafuu nyingi zipo kwenye ncha za matawi, ambako mchumaji hana budi kujinyoosha huku mkono mmoja unavuta kwa upembo na mwengine unatia vishada kwenye pakacha. Hakuna msimu unaopita bila ya kusikia fulani kavunjika kiuno au mguu, na mara nyengine tunasikia habari nzito zaidi ya hizo.

Nilikuwa na nia ya kukiombea hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi ya kuamua nani akitengeneze kitu chake. Juzi mpwa wangu, ambaye yupo chuoni, akanionyesha kwenye simu picha za viti ambavyo wawindaji wa Marekani hufunga kwenye miti ili wamvizie paa kutoka juu. Vina jukwaa la kukanyagia, vina kiti, vina nguzo ya kuegemea shina, vina mkanda, na vyote hukunjwa. Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, kitu changu kinaweza kuhesabiwa kuwa ni kipya ilhali wenzetu wanacho, ingawa wao wanakitumia kwa kazi nyengine kabisa? Pili, ikiwa ipo sehemu moja tu iliyo tofauti na ya kwao, na kwangu ipo, je, sehemu hiyo inatosha? Ikihitajika nitaieleza hapa hapa, na picha nitaweka.

Wakili wa Malindi

Wa alaykumu salaam, kaka yangu. Kabla ya jawabu lolote nakuomba usiieleze, na picha usiweke. Jukwaa hili linasomwa na kila mwenye simu, na kitu kilichowekwa kwenye intaneti kabla ya siku ya kuwasilisha ombi huhesabiwa kuwa kimeshatolewa hadharani, hata kama aliyekiweka ni mvumbuzi mwenyewe. Tuipe sehemu yako hiyo jina tu, tuiite kibanio, na mazungumzo yaendelee ikiwa imefunikwa hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye sheria. Kwa hapa kwetu ombi hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, maarufu BPRA, chini ya Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar, Namba 4 ya mwaka 2008. Wengi hudhani kwamba ukisajili BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, umemaliza, kumbe mambo haya si ya Muungano. BRELA inafuata sheria ya Tanzania Bara, na hataza ya huko haivuki bahari kuja huku, kama ambavyo ya huku haivuki kwenda huko.

Masharti yenyewe ni yale yale ya karibu dunia nzima tangu ulipofanywa mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Hilo la tatu tusipoteze muda nalo, kwa sababu kilimo kimo ndani yake na kiti kinachotengenezeka karakana na kutumika shambani kimeshalitimiza. Vita vyako vitakuwa kwenye mawili ya mwanzo, na watu wengi huyachanganya.

Upya maana yake ni kwamba hakuna pahala popote ambapo kitu hicho hicho, pamoja na sehemu zake zote unazozidai, kilikwisha kuonekana kabla ya ombi lako. Mkaguzi wa maombi ya hataza akikuta waraka mmoja wenye sehemu zote hizo, basi upya umeanguka. Hatua ya uvumbuzi ni mtihani mwengine: hata kama hakuna waraka mmoja wenye yote, je, fundi wa kawaida wa fani hiyo, mwenye nyaraka zote mbele yake, angefika hapo bila ya kuumiza kichwa? Kama angefika, hataza hupewi. Kutokana na maelezo yako, dai (yaani maneno ya ombi yanayotaja unachotaka kilindwe) la kiti kinachokunjika na kufungwa mtini limekufa kwenye upya. Kibanio, ikiwa hakimo kwenye waraka wowote, kinaweza kuupita upya na bado kikapingwa kwenye hatua ya uvumbuzi.

Fundi Chuma

Wakili, naomba kukupinga kidogo kwenye hilo la mwanzo. Wale wanavizia paa, na huyu anachuma karafuu. Mmoja amekaa kimya na bunduki au upinde kuanzia alfajiri, hasogei. Mwengine anafanya kazi kwa mikono yote miwili, anageuka huku na huku, na kila baada ya muda anahama tawi. Vipi iwe kitu kimoja, na hata wanunuzi wake ni tofauti? Mimi nikitengeneza jembe, nikaambiwa si jembe jipya kwa sababu kuna mtu alikuwa na chuma cha umbo hilo akikitumia kuchochea moto, nitaona nimedhulumiwa.

Wakili wa Malindi

Utaona umedhulumiwa, lakini utashindwa, bwana fundi. Ipo kesi ya Marekani ya mwaka 1997, ya mtu aitwaye Schreiber, aliyebuni kifuniko chenye umbo la pia cha kumiminia bisi za mahindi, kiasi kwamba ukikigeuza chombo hutoka bisi chache tu kwa mara moja. Mkaguzi akamletea hataza ya zamani ya Uswisi ya mdomo wa kopo la mafuta ya mashine. Schreiber akalalamika kama ulivyolalamika wewe, kwamba mafuta na bisi wapi na wapi. Mahakama ya rufaa ikasema kwamba unapodai kifaa, kinachoangaliwa ni kifaa chenyewe na umbo lake. Ikiwa kile cha zamani kina umbo hilo na kinaweza kufanya kazi hiyo, hakiwi kipya kwa sababu tu mwenyewe hakuifikiria. Ulaya nako msimamo ni huo huo: dai likisema kifaa cha kuchumia karafuu, mkaguzi analisoma kuwa ni kifaa kinachofaa kuchumia karafuu, na kiti cha mwindaji kikifaa, kimekuua.

Hapo hapo ndipo ulipo mlango wa kutokea. Ikiwa kiti cha mwindaji hakifai kwenye mkarafuu, na sababu ya kutofaa inaonekana katika umbo lake, basi tofauti hiyo ya umbo ndiyo inayodaiwa. Kwa hivyo ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyeviona viti hivyo kwa macho yake.

Mpemba wa Ohio

Nimeviona sana. Ninaishi Ohio, na ukifika msimu wa kuwinda, majirani zangu wote wawili huteremsha viti vyao kutoka gereji na kuvikagua mikanda. Paa wa huku ana pua kali kupita kiasi, na ni nadra kuangalia juu, ndiyo maana mwindaji hupanda. Akiwa juu harufu yake hupita angani na paa hubakia na macho ya chini.

Viti vyenyewe ni vya namna kadhaa, lakini mitindo miwili ndiyo inayotuhusu. Wa kwanza ni wa kutundika. Kuna nguzo fupi inayolala na shina, na kwenye ncha zake yamechongwa meno. Jukwaa limeungwa kwa bawaba chini ya nguzo, kiti juu yake, na waya mbili za chuma hutoka kichwani mwa nguzo zikashika pembe za mbele za jukwaa. Mkanda huzunguka shina. Ukikanyaga jukwaani, uzito wako hulivuta jukwaa chini, waya hukaza, na meno hujikita kwenye gome. Ukimaliza unalikunja jukwaa juu, kiti nacho kinalala, na kitu chote kinabakia bapa unakibeba kwa mikanda ya mabegani. Huu wa kutundika haukupandishi. Mwindaji hupanda kwa ngazi za vipande au kwa vidato vya kufunga.

Wa pili hukupandisha wenyewe. Una vipande viwili, cha juu cha kukalia na cha chini cha kukanyagia, na kila kimoja kina upinde unaolizunguka shina. Unakaa kwenye cha juu, unakiinua cha chini kwa miguu, unasimama juu yake, unakiinua cha juu kwa mikono, na hivyo hivyo mpaka ulipokusudia. Msamiati wa sheria sina, ila hili nalijua: kifaa hiki cha pili kinataka shina lililonyooka, lisilo na tawi hata moja mpaka huko juu, kwa sababu upinde hauwezi kulivuka tawi. Nikiukumbuka mkarafuu wa babu yangu pale Konde, ulioachana panda karibu na ardhi na wenye matawi tangu kiunoni, sioni vipi mtu angeanza hata hatua moja. Kwenye mnazi, labda.

Msasi wa Makunduchi

Nami niingie hapo kwenye uwindaji, kwa kuwa huku Kusini Unguja bado tupo. Sisi wasasi hatukai mtini hata siku moja. Tunakwenda kwa kundi na mbwa, na nyavu zinatandwa, na paa hufukuzwa. Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba kiti cha mtini ni desturi yetu ya asili. Isipokuwa dungu tunalo tangu enzi na enzi, la kukalia mlinzi wa shamba anayewinga ndege na nguruwe, na baadhi ya madungu hujengwa juu ya mti wenye panda kwa fito na kamba. Je, Wakili, dungu nalo linahesabika? Maana hakuna aliyeliandika popote pa kusomwa na mkaguzi.

Wakili wa Malindi

Linahesabika. Kitu kuwa kimetumika waziwazi kunatosha, hakihitaji kuandikwa. Tofauti ni ya ushahidi tu: mkaguzi aliyekaa ofisini atalipata lililoandikwa, lakini siku utakapomshitaki mtu kwa kuiga, wakili wake atakwenda Makunduchi kuwatafuta wazee waje waeleze.

Wala msiichukulie hadithi hii kuwa ya mbali. Waliobuni ubao wa kusafiria majini wenye tanga walipata hataza Uingereza kwa ombi la mwaka 1968, na ikawa biashara kubwa. Walipomshitaki mshindani wao, upande wa pili ukamleta mtu aitwaye Peter Chilvers, ambaye mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka 12, alijitengenezea ubao wake na tanga lake akawa anacheza nao ufukweni Hayling Island, mbele ya macho ya kila mpita njia. Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba hataza hiyo ni batili. Mchezo wa mtoto wa likizo mbili za kiangazi uliiangusha kampuni.

Dungu, hata hivyo, halinitishi katika suala hili. Halikunjiki, halibebeki, na halina mkanda unaokazwa kwa uzito wa mtu. Litamfaa mpinzani kwa kuonyesha kwamba wazo la kukaa kwenye panda ya mti ni la kale, na hilo tumeshalikubali.

Mkulima wa Mtambwe

Nashukuru mno. Maelezo ya ndugu yetu wa Ohio yamenipa moyo, kwa sababu kibanio, bila ya kukieleza, kinahusiana hasa na hiyo panda na hayo matawi ya kiunoni. Hata ule mkanda wa kutundikia wa kwao nilijaribu kuufanya mfano wake kwa mkanda wa kukazia mizigo, ule wa kwenye malori, na meno ya chuma. Ukakaa vizuri kwenye mwembe, lakini kwenye mkarafuu mkubwa haukupata shina moja la kuzunguka, na meno yakachubua gome, jambo ambalo mwenye mikarafuu hatolikubali kabisa.

Sasa limenijia swali jengine kutokana na kesi ya huyo mtoto. Nimekijaribu kiti katika shamba la familia, na ndugu zangu wamekikalia. Halikuwapo tangazo lolote. Ndiyo kusema nimeshajiharibia?

Wakili wa Malindi

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote katika uzi huu, kwa hivyo mniwie radhi nikirefusha.

Ziko kesi mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani ambazo huwekwa pamoja kila mara, na ingawa si sheria yetu, zinaonyesha mpaka ulipo. Ya kwanza ni ya mwaka 1881. Bwana mmoja alibuni vyuma vya kukazia nguo ya ndani ya kike, na mwaka 1855 akampa rafiki yake wa kike jozi moja, na mwaka 1858 jozi nyengine. Mwanamke huyo alizivaa kwa miaka na baadaye akawa mkewe. Ombi la hataza likaja mwaka 1866. Mahakama ikasema kwamba vyuma hivyo vilitumika hadharani. Fikirini: ndani ya nguo, mwilini mwa mwanamke mmoja, na bado ikawa hadharani, kwa sababu alimpa bila ya sharti lolote la siri na bila ya kusema kwamba ni majaribio.

Ya pili ni ya mwaka 1877. Samuel Nicholson alibuni njia ya kutandika barabara kwa vipande vya mbao, akaitandika mwaka 1848 kwenye barabara ya kulipia pale Boston, na magari ya farasi yakapita juu yake kwa miaka sita kabla ya hataza. Mahakama ikasema hayo hayakuwa matumizi ya hadharani. Sababu ni kwamba alikuwa akijaribu uimara wa kitu ambacho hakijaribiki ila kwa kukanyagwa nje, na kila mara alikuwepo mwenyewe. Mtoza ushuru wa barabara hiyo alitoa ushahidi kwamba Nicholson alikuwa akifika karibu kila siku, akiikagua na kuigongagonga kwa bakora yake.

Jipime hapo, kaka yangu. Kilichowatenga wawili hawa ni kama mvumbuzi aliendelea kukishika kitu chake mkononi, akiwa katika majaribio, au alikiachia; idadi ya walioona haikuwa na kazi. Shamba la familia, ndugu wa tumbo moja, na wewe upo unaandika kilichokatika na kilichoteleza, ni hali inayoteteka. Lakini ukimwazima jirani achumie msimu mzima, akaondoka nacho kwenda shamba la pili na la tatu, hapo umeshaingia kwenye nguo ya ndani. Na ukikipeleka kwenye maonyesho ya Nanenane pale Dole kabla ya kuwasilisha ombi, ukakikunjua mbele ya watu, mimi sitokuwa na la kukutetea nalo.

Hata akitokea mtu akakuambia kwamba upo muda wa msamaha, usiutegemee. Marekani hutoa mwaka mmoja kwa mvumbuzi aliyekitoa kitu chake mwenyewe. Ulaya haitoi ila kwa mambo machache mno, kama vile kuibiwa siri. Anayetaka kulinda kitu zaidi ya nchi moja hupanga mambo yake kwa sheria iliyo kali kuliko zote.

Bi Mwanashamba

Nimesoma kwa makini, na nina dukuduku ambalo naona kila mtu analikwepa. Mchumaji wa karafuu analipwa kwa pishi. Hana fedha za kununua kiti chenye hataza, na mwenye shamba aliyezoea kuona watu wakikwea bure hatonunua. Mkishampa mtu mmoja haki ya miaka 20 ya kuwazuia mafundi wengine wote wa Pemba wasitengeneze, kiti kitabakia cha picha, na watoto wetu wataendelea kuanguka. Kwa nini asikitoe tu kwa umma, apate thawabu zake?

Fundi Chuma

Bi Mwanashamba umesema kweli kwa upande mmoja. Kwa upande mwengine, mimi nikiwa na karakana, siwezi kutengeneza vigezo na kununua mabomba ya chuma kwa wingi ikiwa najua kwamba siku ya pili yake kitaonekana kwenye karakana jirani, kwa chuma chembamba zaidi na pini ya msumari, na mtu akianguka kwa kile cha kuigwa jina litakaloharibika ni la kile cha asili.

Wakili wa Malindi

Bi Mwanashamba, heshima yako. Hataza haimlazimishi mwenyewe awazuie watu. Inampa uamuzi wa nani atengeneze na kwa masharti gani, na sharti linaweza kuwa unene wa chuma badala ya fedha. Anaweza kuwapa leseni mafundi wote wa Wete, Chake Chake na Mkoani kwa bei ya kikombe cha chai. Asipokuwa nayo hawezi kumwekea sharti mtu yeyote. Na akitaka kukitoa kwa umma, basi akitoe kwa kukichapisha kwa ukamilifu, ili naye mwengine asije akakiombea. Kukaa nacho kimya ndiko kusikokuwa na faida kwa upande wowote.

Kuhusu gharama, ipo njia ya kati ambayo sheria yetu ya 2008 inaitambua, nayo ni cheti cha uvumbuzi mdogo. Kwa kawaida cheti cha namna hiyo hutaka upya na kutumika katika uzalishaji, wala hakimuulizi mvumbuzi kuhusu hatua ya uvumbuzi. Kwa kulipia hilo, ulinzi wake huwa ni wa muda mfupi kuliko wa hataza. Kwa kifaa cha bawaba na mikanda, ambapo kila sehemu peke yake ni ya kale, binafsi ningeanza na kukifikiria hicho. Mwaka 2007, katika kesi ya pedali ya gari kati ya kampuni za KSR na Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ile ile ya siku zote, hakuleti hataza ikiwa matokeo yake yalitarajiwa. Pedali inayorekebishika ilikuwapo, kihisi cha umeme kilikuwapo, na aliyeviunganisha akatoka patupu. Rafiki yetu wa Mtambwe atahitaji kuonyesha kwamba kibanio kinaleta jambo ambalo fundi hakulitarajia, na ule ushahidi wake wa gome kuchubuka na mkanda kukosa pa kuzunguka una thamani kubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba njia iliyozoeleka ilijaribiwa na ikashindwa. Aandike siku, mti na kilichotokea.

Mpemba wa Ohio

Naongeza kuhusu kutafuta. Nilikaa na Espacenet, hifadhi ya hataza ya mtandaoni ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambayo ni ya bure, na viti vya wawindaji viko kwenye fungu la A01M 31/02 katika mpangilio wa kimataifa wa hataza. Lakini ukisimama hapo utakuwa umetafuta nusu. Vifaa vya kukwelea miti na nguzo vipo A63B 27, pamoja na michezo, ajabu yake. Ngazi zipo E06C. Na vifaa vya kuvunia matunda vipo A01D 46. Kibanio kinaweza kuwa kimejificha kwa fundi wa nguzo za simu ambaye hajapata kumuona paa. Ningemshauri kaka atazame michoro kwanza, maneno baadaye, kwa sababu michoro haina lugha.

Mkulima wa Mtambwe

Nimetafuta kwa njia hiyo, pamoja na mpwa wangu. Viti vya kutundika vipo vingi kuliko nilivyodhani. Kibanio changu sijakiona. Nimejaribu kuandika dai, naliweka hapa bila ya kuitoa siri ya kibanio:

"Kiti cha chuma chepesi chenye uzito mdogo, cha rangi ya kijani, kinachokunjwa kwa bawaba nne, chenye mkanda wa nailoni na kibanio, kwa ajili ya kuchumia karafuu."

Wakili wa Malindi

Hapa umejifunga kamba mwenyewe. Kila neno unalolitia kwenye dai ni ukuta unaokufungia ndani. Umesema chuma, basi atakayetumia alumini yupo nje. Umesema kijani, atapaka nyekundu. Umesema bawaba nne, atatia tatu. Uzito mdogo haupimiki, na mkaguzi atakuuliza mdogo kuliko nini. Jaribu hivi:

"Kifaa cha kumkalisha mtu mtini, chenye nguzo, jukwaa lililoungwa kwenye nguzo hiyo ili liweze kukunjwa kuielekea, na njia ya kukifunga kifaa kwenye mti, kinachotofautiana na vilivyotangulia kwa kuwa njia hiyo ya kufungia ni kibanio ambacho…"

Na hapo ndipo utaeleza kibanio, kwa sehemu zake chache zinazotosha kukifanya kifanye kazi, bila ya kuzidisha hata moja. Bawaba nne, nailoni na karafuu yenyewe vitakuja kwenye madai madogo yanayofuata, kila kimoja na dai lake, ili la juu likianguka la chini libakie. Angalia pia kwamba sikutaja mkarafuu juu. Akitokea mtu wa kuchuma mashokishoki akakitumia, utataka awe ndani.

Ukishawasilisha hapa, Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 ya kupeleka ombi hilo hilo katika nchi nyengine wanachama huku ukihesabiwa siku yako ya mwanzo, kwa hivyo Indonesia na Madagaska, ambako mikarafuu ni mingi, unaweza kuziamua baadaye. Bara, ambako karafuu zipo Morogoro na Tanga, kunahitaji ombi lake.

Mkulima wa Mtambwe

Limebakia moja. Fundi aliyenichomelea, kwa kuwa mimi sina mashine, anasema jina lake liwemo kwenye hataza kwa sababu bila yeye kiti kisingekuwepo. Ni mtu mwema na sitaki kumdhulumu.

Wakili wa Malindi

Muulize, na ujiulize, swali moja: kibanio kilitoka kichwani mwa nani? Ikiwa ulimpelekea mchoro na vipimo na yeye akakata na kuchomelea, hata kama kwa ustadi mkubwa, yeye ni fundi aliyelipwa na si mvumbuzi. Lakini ikiwa mchoro wako ulishindwa, na yeye ndiye aliyesema tukigeuze hivi, na mgeuzo huo ndio uliokifanya kishike, basi ni mvumbuzi mwenzako na kumuacha nje ni dhuluma, mbali ya kwamba katika nchi nyingi hataza yenyewe inaweza kubatilishwa kwa sababu hiyo. Kaeni wawili, mwandike nani alileta nini, na kila mmoja atie saini.

Katika karatasi hiyo hiyo mtie ahadi ya kutunza siri, maana kigezo chako bila shaka kimetundikwa ukutani kwake, na karakana haina mlango. Akikubali, mpe nakala yake. Akikataa, mlipe ujira wake uliobakia, chukua kigezo chako leo hii, na ombi lipelekwe BPRA kabla ya karafuu kuanza kuiva.